Zaburi 8:5: mdogo kuliko Mungu, au kuliko malaika?

Msafiri wa Kigamboni: Wakuu, Biblia ya Union, Zaburi 8:5, inasema mwanadamu amefanywa "mdogo punde kuliko Mungu". Waebrania 2:7 inanukuu mstari huohuo, imekuwa "kuliko malaika". Nani kabadilisha?

Mkali wa Neno: Kiebrania cha hapo ni elohim, kwa kawaida "Mungu". Septuaginta, tafsiri ya kale ya Kigiriki, iliandika malaika, Waebrania ikafuata Kigiriki. Elohim ni wingi, ndiyo Utatu wenyewe huo tangu Mwanzo 1:1.

Fundi Saa: Wingi wa umbo tu. Kitenzi cha hapo ni bara, "aliumba", umoja. Hata uso kwa Kiebrania ni panim, umbo la wingi. Wewe ukinywa maji unahesabu mangapi?

Mkali wa Neno: Muumba leo kafananishwa na maji ya kunywa! Nyie wasomi ndio mnaotuharibia vijana.

Fundi Saa: Nimefananisha sarufi. Soma Zaburi 82:1: elohim wa kwanza ni Mungu, wa pili "miungu". Utatu wako hapo unakaa wapi?

Mama Upendo: Jamani, malaika si malaika tu? Mbona mnatoana macho?

Jirani wa Ng'ambo: Mama, hao malaika wenyewe ni wingi. Kwa Kiarabu mmoja ni malak. Waswahili mmeokota wingi mkaufanya umoja.

Binti Lamu: Nani kaokota? Kitabu nacho ni cha Kiarabu, wingi wao kutub, sisi twasema vitabu na hatumwombi mtu ruhusa.

Jirani wa Ng'ambo: Dada, sijatukana mtu. Hata Kiebrania ni malakh, mjumbe. Mwanzo 32:1 malakhim wanakutana na Yakobo, tumeandikiwa "malaika". Mstari wa 3 anawatuma malakhim kwa Esau, tumeandikiwa "wajumbe". Neno ni lilelile, mabawa wameongeza watafsiri.

Mkali wa Neno: Mabawa yapo! Isaya 6:2, sita kila mmoja.

Fundi Saa: Hao maserafi, si malakhim. Na neno hilohilo limetumika kwa nyoka wa moto, Hesabu 20 kama sikosei.

Mkali wa Neno: 21:6. Sura hujui, Kiebrania unatufundisha.

Mama Upendo: Kwa hiyo malaika mmoja niseme malaki?

Binti Lamu: Malaki ni nabii, mama. Mmoja malaika, kumi malaika.

Jirani wa Ng'ambo: Na Malaki maana yake "mjumbe wangu". Mama hajakosea sana.

Binti Lamu: Umerudi tena?