Nimepata chuo Roma na atachi ndani yake, watu wa Malindi mliopitia huko nisaidieni

binti_ngomeni

Assalam aleikum jamani. Mie kwetu Ngomeni ila nimekulia hapa Malindi mjini, Barani. Digrii nimemalizia Pwani University pale Kilifi na alhamdulillah nimekubaliwa masta Sapienza kule Roma, mambo ya ramani na picha za setelaiti, masomo yote kwa Kiingereza, ila mwaka wa pili kuna atachi, mafunzo ya kazini, wao waiita tirocinio na bila hiyo humalizi. Nyumbani furaha tele, babu ndio usiseme maana enzi zake alikuwa kibarua pale Ngomeni beisi ya San Marco, ya Wataliano ya kurushia roketi, na kila mgeni akija lazima asimuliwe ile roketi ya siku ya Jamhuri 1970 na setelaiti iliyopewa jina la Uhuru. Kwake yeye mie naenda kwa mabosi wake wa zamani.

Haya, maswali. Kitaliano nakiongea, cha kuokota tu, mamangu auza leso na vikapu kwa watalii na toka nikiwa mdogo mie ndio msemaji wake, kusalimia, kuhesabu pesa, kuvutana bei sina shida. Je chatosha kwenye atachi? La pili ni pesa, viza wataka uonyeshe yuro elfu kadhaa za mwaka na hizo mjomba amekubali kusimama, lakini huko naruhusiwa kufanya kazi kidogo nisimalize pesa za watu?

La tatu ndilo laninyima usingizi na naona haya hata kuliandika. Hapa mtaani msichana wa Malindi akisema aenda Italia watu washajijibu wenyewe, ati kapata babu wa kizungu. Shangazi mmoja kamwambia mamangu hivyo harusini mbele ya watu. Sasa nataka kujua kule kwenyewe ukisema watoka Malindi wakuchukulia vipi, hasa ofisini. Na tafadhali nisiambiwe nipuuze, nimechoka kuambiwa nipuuze.

mtu_wa_shella_torino

Hongera sana dadangu. Mie niko Torino si Roma lakini makaratasi ni yale yale nchi nzima kwa hiyo nitajibu hayo, la tatu niwaachie kina dada wenyewe.

Ukishuka ndege usianze na picha za Colosseo, una siku 8 za kazi uwe umepeleka maombi ya permesso di soggiorno, kibali cha kukaa. Yapelekwa posta, si polisi, watafuta posta yenye dirisha la Sportello Amico wakupa bahasha ina fomu ndani, wajaza, watia kopi za pasipoti, barua ya chuo, bima, na stempu ya yuro 16 ambayo posta hawauzi, yauzwa duka la sigara, mie nilidhani yule karani anitania kumbe ndio utaratibu wao. Ukijumlisha stempu na ada ya posta na ya kadi yenyewe yapita yuro 100, ziweke kando kabla hujanunua koti. Wakupa risiti na tarehe ya kwenda polisi kuchukuliwa alama za vidole, halafu wasubiri kadi, na kadi yaweza kukawia miezi. Hiyo risiti ishike sana. Kwa risiti peke yake waweza kuja nyumbani Idd na kurudi lakini usipitie nchi nyingine ya Schengen, zile za Ulaya zenye viza moja, kwa hiyo tiketi ya kupitia Amsterdam ama Frankfurt hata iwe rahisi vipi iache, pitia Addis, Doha ama Istanbul.

Kazi ruhusa ipo, masaa 20 kwa wiki na yasizidi 1,040 kwa mwaka, ila usipige hesabu ya kodi ya nyumba kwa hiyo kazi. Maana mitihani yao mingi ni ya mdomo, wakaa mbele ya profesa akuhoji na wenzio nyuma wasikiliza, maksi ni juu ya 30 na kupita ni 18, na ukipewa 20 ukaona hujaridhika waweza kuikataa ukarudi tena msimu mwingine. Nilipoambiwa hilo la kukataa maksi nilicheka, kwetu nani angekubali. Lakini ndipo watu wanapochelewa hapo, akataa, akataa, mwisho miaka yaenda na kibali chataka uonyeshe mitihani uliyopita.

Na bima ulinganishe kabla hujalipa, ile ya serikali kwa wanafunzi wa kutoka nje ya Ulaya ilikuwa kama yuro 150 kwa mwaka, kuanzia 2024 ni 700. Wengi sasa wachukua ya kampuni.

kobe_mzee

Hizo yuro mjomba akikupa hapa wafungua duka Watamu na kibanda cha M-Pesa juu na chenji yabaki. Wangapi wameenda na masta zao leo wako jeti wauza safari za dolfini. Nasema tu.

mtu_wa_shella_torino

@kobe_mzee pesa ya viza hailipwi kwa mtu, yaonyeshwa kwamba ipo halafu ndiyo unayokula mwaka mzima. Na mwenzio hakuuliza aende asiende.

dada_esquilino

Mdogo wangu nimesoma Roma na atachi nikafanya huko huko, sasa nimerudi niko Mombasa. Naanza na hilo la tatu maana hayo mengine kila mtu atakuelekeza.

Ni kweli lipo, sikudanganyi. Ukisema Kenya watauliza Kenya wapi, ukisema Malindi uso wabadilika. Kwao Malindi ni jina la likizo, kila mtu ana mjomba mwenye villa ama rafiki wa rafiki aliyekwenda wiki mbili akahamia. Wengi wafurahi kikweli, mmoja aliniuliza kama mashimo ya barabara ya Casuarina yamezibwa, nikajua huyu kweli kafika. Lakini wako wengine wana kile kicheko, wewe mwenyewe wakijua, ni kile kile cha pale bichi, na Roma kimevaa suti tu.

Ofisini kwetu, kampuni ndogo ya watu kumi na kitu, kulikuwa na bwana mmoja wa hesabu. Siku zangu za mwanzo mwanzo nimesimama kwenye mashine ya kahawa akanijia na simu, anionyesha picha, bwawa, paa la makuti, mabogenvilia, na pembeni msichana mweusi amekaa ukingoni picha imemkata bega. Aniuliza, huyu wamjua? Kama vile Malindi ni nyumba moja na sisi tunapeana zamu ya choo. Wenzake wawili wakainamia vikombe vyao. Nikamwambia simjui, mji wetu una watu zaidi ya laki moja, halafu nikamuuliza wewe kwenu wapi, akasema Frosinone, nikamwambia aa, nina rafiki Frosinone aitwa Maria, wamjua? Wale wawili walicheka mpaka mmoja akamwaga kahawa. Yule bwana akacheka pia, alikuwa hana budi, na toka siku hiyo aniamkia kwa jina langu.

Si kila siku utapata jibu mdomoni, kuna siku nilinyamaza nikarudi nyumbani na hasira zangu. Ila sikia, wewe una kitu mie sikuwa nacho. Una Ngomeni. Luigi Broglio aliyeanzisha San Marco alikuwa profesa hapo hapo Sapienza unapokwenda na kituo chenyewe leo chaitwa kwa jina lake, kwa hiyo watu wa setelaiti Roma jina la San Marco hawahitaji kuelezwa. Wakikuuliza watoka wapi sema kwetu ni Ngomeni, palipo kituo cha anga, na babu yangu alifanya kazi pale. Tena sema kibarua, usimpandishe cheo. Sikwambii uifiche Malindi, ukikaa nao wataijua tu, nakwambia wewe ndio uamue waanze kukujua kwa lipi.

Kitaliano sasa. Hicho cha bichi kitakufaa sokoni, kwa mwenye nyumba, kwenye basi, na watakupenda nacho. Ofisini hakitoshi. Kwanza huku twaongea na kila Mtaliano kama rika letu, sasa mwandikie mkuu wa idara imeili hivyo uone. Pili mkutano waanza kwa Kiingereza kwa heshima yako, muda kidogo tu wameshasahau wabishana kwa Kitaliano na mikono hewani na wewe ndio umepewa kazi ambayo hukusikia ikitolewa. Mwaka wa kwanza ukiingia tu jiandikishe kozi ya lugha, ufike B1, kiwango cha kati, kabla ya atachi, na soma kuandika hasa.

Atachi yenyewe usiitafute dakika ya mwisho. Lazima chuo kiwe na mkataba na hiyo ofisi, halafu mradi wa mafunzo uandikwe usainiwe na wewe, msimamizi wa chuo na msimamizi wa ofisi, bila hivyo huna bima na hata ukikaa miezi hayahesabiwi. Yahesabiwa kwa krediti, moja ni masaa 25. Malipo kwa atachi ya ndani ya masomo si lazima, wengine wakupa kuponi za chakula, wengine hata kahawa wajinunulia mwenyewe. Zile yuro 800 za mwezi utakazosikia za mkoa wa Lazio ni za waliokwisha kuhitimu, usizitie kwenye bajeti.

Na Agosti usipange kitu. Mji wafungwa, duka, ofisi, mpaka kinyozi. Nilikuwa nangoja saini ya msimamizi wangu kumbe mwenzangu yuko Watamu anitumia picha za machweo ya Mida Creek, mie niko kwao peke yangu na njiwa.

mama_mambrui

Mwanangu hongera, na mamako mpe hongera zangu. Binti yangu alipokwenda Uturuki walisema vilevile na huko hao mababu hata hatuna habari nao. Mie nilifanya hivi, nilichukua ile barua ya chuo nikaitia fremu nikaitundika ukumbini, siku ya maulidi ilikuwa kwangu, wanawake wote wakakaa chini yake, na aliyesema zaidi ndiye nilimwomba anisomee kwa sauti maana miwani nimeiacha chumbani. Akasoma.

Swali langu kwa hawa waliokaa huko, mtoto atakula nini, na swala je?

dada_esquilino

Mama mambrui shikamoo, hilo la miwani nimelipenda wallahi. Chakula kipo, aende soko la Esquilino karibu na Piazza Vittorio, si mbali na stesheni ya Termini, atapata bamia, muhogo, ndizi mbichi, nazi, bizari za kila aina, na nyama ya halali kwa Wabangali. Nazi ni za safari ndefu, atikise kabla hajalipa. Msikiti mkubwa upo, ulifunguliwa 1995, ni katika mikubwa ya Ulaya, na Ijumaa nje huwa na soko la vyakula watu wengi wala hapo baada ya swala. Uko mbali kidogo na chuo, apande treni ya mjini. Pasi ya mwezi ya mabasi na metro yote ni yuro 35.

binti_ngomeni

Mama mambrui shikamoo, asante, hiyo ya fremu nimemsomea mamangu acheka mpaka sasa na ameshaanza kutafuta seremala. Da Esquilino sina la kusema, nimeisoma mara mbili.

Naomba moja tena. Kuna mtu kwenye grupu la wanafunzi ana chumba San Lorenzo karibu na chuo, yuro 350 peke yangu, ataka dipoziti ya miezi miwili kabla sijafika ndio anishikie na kontrati atanitumia kwa WhatsApp. Bei imenivutia.

mtu_wa_shella_torino

USITUME. Chumba cha peke yako San Lorenzo kwa 350 hakuna, ongeza mia na hamsini mpaka mia mbili ndio tuanze kuongea. Dipoziti ya miezi miwili hata mitatu ni kawaida yao lakini yatolewa ukishaona chumba, na kontrati iwe imesajiliwa serikalini maana utaitaka kila ofisi ukiulizwa waishi wapi. Fikia hosteli ama kwa mtu wiki za kwanza utafute ukiwa pale.

dada_esquilino

Naunga mkono. Na kabla ya kutafuta chumba cha kulipa umeomba DiSCo Lazio? Ni shirika la mkoa, latoa skolashipu na kitanda na chakula cha kantini kwa wanafunzi kwa kuangalia kipato cha familia, wa kutoka nje pia, na maombi yao hufungwa kiangazi kabla hata hujafika. Wataka karatasi za kipato cha nyumbani na mali mliyo nayo, zitafsiriwe Kitaliano na zipitishwe ubalozi wao Nairobi, na hapo ndipo wengi wetu wa pwani twakwama maana mama wa leso hana pei silipu. Nenda kwa chifu na wakili mkaandike hati ya kiapo mapema, halafu uulize ubalozi kama wataipokea kabla hujalipa mtafsiri.

binti_ngomeni

Sijaomba, hata jina hilo ndio nalisikia leo. Huyo wa chumba nimembloku. Chifu wetu ofisini ni Jumanne na Alhamisi, kesho nitakuwa hapo asubuhi. Da Esquilino naomba unitumie inboksi mfano wa hicho kiapo ukiwa nacho, ufute majina tu.

kobe_mzee

Wakili usiende wa mjini atakukamua, kuna mmoja nyuma ya korti bei yake nafuu, njoo inboksi nikuelekeze.