Kukata miti Mtwara: nishushe bei, nibaki na bima, au nihamie kwenye taasisi?

Msumeno_Ligula:
Wakuu, nina timu ya vijana wanne hapa Mtwara mjini, tunapogoa na kuangusha miti. Vijana wote nimewasajili WCF (Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi), na nimekata bima ya madhara kwa watu wengine. Juzi Shangani nilitaja 350,000 kwa mwembe uliolalia bati, waya wa TANESCO unapita katikati ya matawi. Kaja jamaa na chenso ya kuazima, kandambili miguuni, kataja 120,000. Kapewa kazi. Naona njia tatu: nimfuate kwenye bei, ning'ang'anie bei yangu, au niachane na majumba nitafute hoteli, shule na mashirika. Nyie mngefanyaje?

Kusini_Kwetu:
Kwenye bei usimfuate, huko hakuna mwisho. Na wala usiisingizie WCF: mchango ni 0.5% ya mshahara, kijana wa 300,000 kwa mwezi unamlipia 1,500. Bei yako inapanda kwa sababu unashusha tawi vipande vipande kwa kamba, mmoja juu, wawili chini, siku nzima. Yule anakata tawi zima analiachia. Ni kazi mbili tofauti, lakini wote mnaandika "kukata mti", mteja atajuaje? Andika kila hatua kwenye makadirio.

Mama_Chikongola:
Nisemee upande wa wateja. Baada ya kimbunga Hidaya, Mei 2024, watu wengi tuliogopa miti yetu. Dada yangu akachukua fundi wa bei chee, tawi likavunja ukuta wa jirani. Fundi kazima simu, ukuta kaujenga dada. Njoo na karatasi ya bima mkononi, uniambie tawi likiangukia kwa jirani nani analipa. Nikilielewa hilo, hela naongeza.

Mdau_wa_Bima:
Ila msichanganye. WCF inamhudumia mfanyakazi wako akiumia kazini; bati la jirani haliihusu. Hilo ni la bima ya madhara kwa watu wengine, na mara nyingi kuna kiasi cha kwanza unachojilipia mwenyewe. Soma na yale yasiyolipwa, maana kazi za juu zinaweza kuwa zimeondolewa. Ukionyesha karatasi isiyogusa kazi ya kupanda, unamdanganya mteja.

Ngapa_Lindi:
Taasisi ni nzuri, ila malipo yanachelewa, na vibarua wanataka chao jioni. Mimi mtaani sijatoka, nachagua tu. Mkorosho uliozeeka katikati ya shamba nawaachia hao wa bei chee. Mti wenye nyumba, ukuta au waya chini yake ndio naupigania.

Msumeno_Ligula:
Hapo kwenye kuchagua nimekuelewa, mkuu. Kuwaomba TANESCO wakate umeme unaliweka kwenye makadirio yako, au unamwachia mteja?

Ngapa_Lindi:
Mteja anapeleka ombi mwenyewe. Mimi naandika kwamba hakuna kijana wangu atakayepanda kabla umeme haujakatwa, na siku ya kazi tunaipanga wakishatoa tarehe.