Simu za intaneti kwa duka lenye matawi: zinapunguza gharama kweli?

Mama Vifaranga, Moshi

Wakuu, habari za jioni. Nina duka la vyakula vya mifugo Mbuyuni, tawi dogo Himo na stoo Boma Ng'ombe. Kutwa ni simu. Himo anauliza mashudu yamefika, Boma anauliza gari la pumba limetoka saa ngapi, mimi nauliza nani kachukua mifuko bila kuandika. Kila kijana ana laini ya duka, kila wiki namwekea bando la dakika, ikifika Alhamisi naanza kuombwa vocha. Ukiweka na simu za Nairobi kwa anayeniletea premiksi, mwezi unakula karibu laki na nusu. Anayejua faida ya mfuko wa chakula cha kuku ataelewa kwa nini naumia.

Sasa kuna kijana kaja na habari ya "simu za intaneti". Anataka kuniuzia simu tatu za mezani na kiboksi cha kuchomeka laini nyingi, halafu nimlipe ada kila mwezi. Anasema nitasahau vocha. Lakini wateja wangu wengi ni akina mama wa Rombo na Kilema, wana viswaswadu. Hao nao nitawapigia kwa intaneti? Naombeni mwanga kabla sijatoa hela.

Mzee wa Rau

Weka Skype mama, bure kabisa. Tumeongea na watoto Ulaya miaka na miaka.

Fundi Sakina, Arusha

Shikamoo mzee. Skype haipo tena, Microsoft waliifunga Mei 2025.

Dada, kabla ya kununua chochote, fungua orodha ya simu ulizopiga wiki hii uone zilikwenda wapi. Intaneti inalipa pale tu ambapo na wa upande wa pili yuko kwenye intaneti.

Himo na Boma ndiko utakakookoa hela. Simu za mezani za intaneti mara nyingi hutumia kodeki (namna ya kugeuza sauti kuwa data) iitwayo G.711, kilobiti 64 kwa sekunde. Ukiongeza data ya ziada ya kuisafirisha hiyo sauti inafika kama 87 kwenda na 87 kurudi, yaani takriban MB 1.3 kwa dakika. GB moja ni zaidi ya saa 12 za maongezi. Kodeki mpya kama Opus inaweza kushuka chini ya nusu ya hapo na sauti ikabaki safi. Kumbuka tu kwamba data inaliwa pande zote mbili, si kwa anayepiga peke yake.

Na huhitaji simu ya mezani. Simu janja ya kawaida yenye WhatsApp inatosha, kwenye mipangilio washa kile kipengele cha kutumia data kidogo kwenye simu. Kuna wanaopenda namba za ndani, 101 Himo, 102 Boma. Kwa hilo ipo Asterisk, programu ya bure tangu 1999, inakaa hata kwenye kompyuta ndogo ya Raspberry Pi. Kwa matawi yako mimi nisingehangaika nayo.

Nairobi ni WhatsApp tu.

Akina mama wa Rombo waache kwenye dakika. Simu ikitoka intaneti kwenda kuita kwenye kiswaswadu, lazima ipitie mtandao wa simu wa huyo mama, na mtandao huo unamtoza aliyeileta. Kampuni zetu za ndani zinatozana kidogo, TCRA, mamlaka ya mawasiliano, imekuwa ikikishusha kiwango hicho, ndiyo maana bando za mitandao yote zipo. Huduma ya intaneti ya nje inatozwa zaidi, na gharama hiyo utailipa wewe.

Karani wa Kijenge

Hicho kiboksi kiulizie vizuri dada. Kikitumika kupokea simu za nje kupitia intaneti na kuziingiza hapa kama simu za ndani, hiyo ndiyo simboksi, na watu wamefikishwa mahakamani Kisutu kwa mambo hayo. TCRA wana mtambo wa TTMS tangu 2013, moja ya kazi zake ni kunasa simu za namna hiyo. Laini zimesajiliwa kwa alama za vidole vya nani? Vyako.

Mama Vifaranga, Moshi

Mungu wangu. Na alishataka nisajili laini nyingine kwa NIDA yangu. Nilipouliza za nini, akacheka, eti ndio utaratibu.

Haya, WhatsApp nimeelewa. Ila hawa vijana nawajua, GB itaishia TikTok kabla sijafungua duka. Na umeme wa Himo ukikatika?

Dada wa Njiro

Nina saluni mbili, hiyo ya TikTok naijua. Simu ya duka inalala dukani, akaunti ya Google nenosiri ninalo mimi, na data nimeizuia kwa kila programu isipokuwa WhatsApp. Halafu nusu ya simu zenu hata hazihitajiki! Fungua grupu, kila jioni wapige picha daftari la stoki waitume. Utashangaa.

Fundi Sakina, Arusha

Umeme usikutishe, usinunue rauta. Simu ina betri yake na data ya laini. Ila kila tawi libaki na bando dogo la dakika. Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, intaneti ilisuasua nchi nzima, na simu za kawaida ziliendelea kuita. Ukipiga WhatsApp na skrini haionyeshi kwamba inaita kwake, ujue data yake imezima au imeisha. Usisubiri, piga ya kawaida.

Mama Vifaranga, Moshi

Asanteni sana. Kijana nimeshamwambia Jumatatu asije. Sasa simu mbili zenye betri ya kukaa kutwa, nizitafute hapa Double Road au nipande gari nije Arusha?

Fundi Sakina, Arusha

Nunua hapo hapo Moshi, nauli weka kwenye bando. Dai risiti na warranti, na uipige simu mwenyewe WhatsApp ukiwa dukani kwao, usikie spika na maiki kabla hujalipa.