Goti la bodaboda: eksirei, CT ya 3D au MRI? Naombeni ulinganisho

Mwana_Ujiji
Wakuu habari za humu. Mdogo wangu kaanguka na boda juzi njia ya Ujiji, goti limevimba kama nazi. Kapigwa eksirei mbili, ya mbele na ya ubavuni, daktari anasema muundi umepasuka pale juu kwenye goti ila haoni vizuri umebonyea kiasi gani, sasa anataka CT skani ya 3D kabla hajaamua ni upasuaji au hogo (plasta). Shemeji yangu kakomaa eti tuongeze hela tupige MRI ndo baba lao. Nani anajua, kipi kinaonyesha umbo lenyewe la mfupa na sio kivuli?

fundi_wa_picha
Mkuu umesema vizuri, eksirei ni kivuli. Vyote vilivyo njiani mwa miale vinalaliana kwenye picha moja, ndo maana tunapiga pande mbili halafu daktari anaziunganisha kichwani. Goti linasumbua kwa sababu kipande kilichozama kinajificha nyuma ya kingo ambazo hazijavunjika.
CT inazunguka mguu na kupiga vipande vyembamba, mashine nyingi za sasa chini ya milimita 1, kompyuta inavipanga upya. Chukulia samaki kuhe wa pale soko la Kibirizi umemkatakata vipande vyembamba halafu ukavirudisha vyote mahali pake, unamtazama upande wowote unaotaka. Na utamu wenyewe ni huu, tunaufuta mfupa wa paja kwenye kompyuta, daktari anautazama muundi kutoka juu kama anachungulia sufuria, anaona shimo liko upande gani, aingilie wapi, skrubu apitishe wapi.

Kasulu_one
Fundi usiwauzie watu 3D kihivyo bana. Ile picha inayozunguka inalainisha uso, ufa mwembamba unaweza ukapotea kabisa. Mimi kifundo changu hospitali moja (siitaji) walinionyesha 3D safiii nikaambiwa mzima, nikachechemea wiki tatu, daktari mwingine akafungua vipande vya CT ileile akaonyesha ufa huu hapa.

fundi_wa_picha
Kweli kaka, sibishi. Vipande ndo vya kusoma, 3D ni ya kupanga kazi. Ndo maana Mwana_Ujiji uombe vyote kwenye CD, usikubali kuondoka na filamu mbili tu.

MamaTuma
Jamani mi nilipiga ultrasaundi ya 3D ya mimba nikaona pua ya babake kabisa 😂 hiyo haiwezi kwa goti? Haina mionzi

fundi_wa_picha
Dada ultrasaundi inatumia sauti, na sauti ikifika kwenye mfupa inagonga inarudi, ndani haifiki. Kwa mtoto inapendeza kwa sababu amezungukwa na maji.

Bangwe_fizikia
Nimtetee shemeji kidogo. MRI inatumia sumaku na mawimbi ya redio, haina mionzi, na kwa ligamenti (kano zinazounganisha mifupa) na meniskasi (vile vimto vya gegedu ndani ya goti) haina mpinzani. Ila unalala mule karibu nusu saa bila kutikisika, CT ni sekunde tu, na kwa mfupa uliovunjika vipandevipande CT ndo inachora kingo vizuri. Mionzi ya goti msiiogope sana, ni kidogo kuliko CT ya tumbo.
Halafu hii hamu ya kuona kina ni ya zamani, Röntgen kagundua eksirei 1895, mwaka uliofuata tu watu wakawa wanapiga picha mbili wakisogeza tyubu ya miale kidogo, kila jicho linatazama yake, mfupa unajitokeza. CT ya kwanza ya mgonjwa ilipigwa London 1971, kichwa, na picha ilikuwa na vidoti 80 kwa 80, simu yako ya tochi inaishinda lol

Mwana_Ujiji
Nimemsomea shemeji yote kanyamaza, anasema basi nauli ya bajaji anatoa yeye. Kwahiyo CT kwanza, MRI ikitakiwa baadaye kwa ajili ya ligamenti. Sasa lile hogo la nusu alilofungwa linatolewa kwanza au?

fundi_wa_picha
Liache, CT inaona kupitia hogo bila shida. Avae kaptura isiyo na zipu ya chuma, na mwambie asitikise mguu hata kama kunawasha.

MamaTuma
Apone haraka. Na boda akamlipe!!