Tupeane uzoefu: pikipiki kugoma kuwaka asubuhi za baridi (Tabora, Kigoma na majirani)

Kijiwe cha Ipuli
Mwangaluka wakuu. Leo alfajiri jirani yangu hapa Ipuli kapiga kiki mpaka jogoo wake kanyamaza. Nikakumbuka enzi zangu za kuvizia abiria wa treni. Treni inaingia usiku mkubwa, watu wanashuka na mabegi, bei inapanda yenyewe, halafu wewe umeinama pale unapiga kiki huku wenzako wanaondoka na wateja. Mchana chombo kinawaka kwa kugusa tu. Ikifika Juni, Julai, alfajiri kinakukana mbele za watu. Wenye uzoefu mwageni hapa, ilikuwaje na mlifanyaje?

Mgebuka Mkavu
Tabora nayo ina baridi? Hahaha.

Kijiwe cha Ipuli
Wewe wa ziwani utajulia wapi? Njoo Julai alfajiri, nyuzi 14 na upepo juu, uone kama hutaomba koti la abiria.

Muha wa Juu
Mwakeye. Huyo Mgebuka asitusemee Kigoma nzima. Mjini ziwa liko mita 770 hivi kutoka usawa wa bahari na maji yenyewe yana joto, lazima alale kifua wazi. Apande Kasulu, Buhigwe, afike Manyovu akutane na ukungu saa kumi na mbili asubuhi. Huku siti unaikuta imelowa utadhani mvua ilinyesha.

Makete Original
Nyuzi 14 ndiyo baridi? Huku kwetu Juni majani yanaamka meupe kwa barafu na pikipiki zinawaka. Endeleeni kudeka.

Fundi Spana 10
Niseme kidogo kabla hamjapigana. Kinacholipuka ndani ya injini ni mvuke wa petroli uliochanganyika na hewa. Petroli ikipoa inageuka mvuke kwa shida, kwa hiyo asubuhi injini inataka mchanganyiko wenye mafuta mengi kuliko kawaida. Kazi hiyo ni ya choki. Sasa vijana wengi chombo mnanunua mkononi, choki ilishang'oka au imefungwa waya, ukiuliza unaambiwa "huku kwetu hii haina kazi". Ina kazi! Fungua koki ya mafuta, weka choki, piga kiki mbili tatu swichi ikiwa imezimwa ili ivute mafuta, ndipo uwashe swichi upige kiki ya kweli. Resi usiguse. Ikishika iache ingurume kidogo, kisha rudisha choki. Ukiisahau, mpaka jioni imekunywa mafuta ya watoto na plagi ina masizi matupu.

Bodaboda Urambo
Fundi, resi lazima uvute kidogo bwana. Ya kwangu bila resi haiamki.

Fundi Spana 10
Inategemea kabureta, kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa. Yenye kipepeo cha kuziba hewa inavumilia resi kidogo. Yenye njia yake ya pembeni ya kuongeza mafuta, ukivuta resi unaua mvuto na hayo mafuta ya ziada hayaji.

Bodaboda Urambo
Haya, kumbe tuko wote sahihi.

Fundi Spana 10
Sikusema hivyo.

Mama Asali Sikonge
Mimi natoa plagi naipasha kwenye jiko la mkaa wakati maji ya chai yanachemka. Narudisha ikiwa ya moto, kiki moja tu. Mambo mengine sijui.

Bodaboda Urambo
Hapo sasa! Mama kamaliza.

Mzee wa Tapeti
Kupasha plagi kunasaidia kwa asubuhi hiyo tu. Mwenzenu niliuziwa plagi, nikauziwa koili, nikaambiwa kabureta imekufa ninunue nyingine. Nikanunua. Asubuhi iliyofuata, kimya. Ndipo mzee mmoja wa gereji ya miembeni akaniuliza tapeti, yaani ile nafasi ndogo inayoachwa kwenye valvu, zilipimwa lini. Zilikuwa zimebana, valvu hazifungi sawasawa, kompresheni, yaani mgandamizo wa ndani ya silinda, inavuja. Injini ikishapata moto inajikongoja, lakini ikipoa haina nguvu ya kujianzisha. Na zipimwe injini ikiwa imepoa kabisa, kwa fila, vile vibati vyembamba vya kupimia nafasi. Fundi akikutikisia kwa kidole na kusema "ziko poa", chukua spana zako uondoke.

Mgebuka Mkavu
Mafundi wa kidole ndio waliojaa mjini.

Sabasaba Uvinza
Mnasahau petroli ya chupa. Huku vijijini unajaziwa kwenye chupa ya maji, jua limeipiga siku nzima, na mwingine kaichanganya na mafuta ya taa. Mafuta ya taa yanageuka mvuke kwa shida kuliko petroli, mchana injini inayameza, asubuhi ya baridi yanakataa. Ule mchezo ulipunguzwa makali 2011 serikali ilipopandisha kodi ya mafuta ya taa, lakini dalili nazijua: harufu, moshi, na plagi inayolowa. Kingine ni maji. Tangi likikaa nusu, umande wa ndani unashuka chini mpaka kwenye kabureta. Pale chini ya bakuli lake kuna skrubu ndogo, ilegeze uone kinachotoka. Kukitoka tone linalotulia chini na petroli ikae juu yake, umempata mchawi.

Muha wa Juu
Dawa ni kufunga koki usiku na kuiacha injini inywe mpaka izime yenyewe. Asubuhi mafuta mapya.

Bodaboda Urambo
Asubuhi unapiga kiki kabureta kavu, utatoka jasho. Ndiyo baridi itaisha lakini!

Mkwe Mtarajiwa
Nilikuwa nasoma tu, ila hapo kwenye plagi mmenigusa. Nilikwenda Heru Juu ukweni kujitambulisha, nikalala huko na mshenga. Usiku mama mkwe kwa huruma yake akaona pikipiki inalala kwenye ukungu, akaifunika kitenge. Siyo cha jikoni, ni kile cha kutokea.

Asubuhi ukoo mzima umetoka kutuaga. Nikapiga selfu, ikalia ng'e ng'e ng'e ikakata. Kiki, hola. Mzee mkwe kakaa kwenye kigoda, hasemi, ananitazama tu, na nilijua anachokiwaza: huyu ndiye atakayemlisha binti yangu? Shemeji mmoja anayejiita fundi akajitokeza, "Kaa pembeni shemeji." Akafungua plagi, akamimina petroli ya kizibo cha soda kwenye tundu, nyingine ikamwagikia hedi, kichwa cha injini. Badala ya kurudisha plagi akaichomeka kwenye waya wake, akailaza pale pale jirani na tundu. "Tuone kama ina moto." Mshenga akapiga kiki.

Moto tuliuona. Mwali uliruka kutoka kwenye tundu mpaka usukani, na kitenge nilikuwa nimekitundika pale pale. Bibi akapiga yowe, mbuzi wakakata kamba. Mzee mkwe ndipo akainuka kwenye kigoda, akachota mchanga kwa beseni la maharage akaumwaga wote, mwingine ukanipata mimi. Siti iliungua upande. Kitenge kilibaki pindo. Baadaye tukafuta mchanga, tukarudisha plagi, ikawaka kiki ya kwanza kana kwamba hakuna kilichotokea.

Mgebuka Mkavu
Nimecheka mpaka abiria kashuka.

Mama Asali Sikonge
Kitenge ulilipa?

Muha wa Juu
Alipe shemeji, ndiye fundi.

Sabasaba Uvinza
Kiki alipiga mshenga. Mshenga alipe.

Kijiwe cha Ipuli
Mwenye chombo ndiye mwenye msala. Hata trafiki hamuulizi shemeji. Wakuu, turudi kwenye mada.

Makete Original
Mada gani? Mke ulipewa?

Mkwe Mtarajiwa
Nilipeleka vitenge viwili na koti la mzee. Mengine jina langu linajieleza, barua bado inajadiliwa.

Fundi Spana 10
Msicheke tu. Ukitaka kuona moto, plagi iguse chuma mbali na tundu, petroli isiwe imemwagika popote, na kama umeshamimina kitu ndani rudisha plagi kwanza. Na ikilewa mafuta usiongeze mengine! Funga koki, rudisha choki, vuta resi mpaka mwisho, piga kiki kadhaa ipate hewa.

Bodaboda Urambo
Kumbe kuna siku resi inavutwa.

Fundi Spana 10
Ikilewa tu! Nimesema ikilewa!

Dada Nzega
Samahanini, ya kwangu haina choki kabisa, nimeitafuta mpaka nimechoka. Na ina taa ya injini kwenye dashibodi.

Mzee wa Tapeti
Dada yangu, hiyo haina kabureta, ina sindano ya kupulizia mafuta na kompyuta inajipimia baridi yenyewe. Fungua swichi, subiri pampu ilie vuu iishe, ndipo upige selfu. Ikigoma anza na betri, maana ikiishiwa umeme pampu hailii, hata tukusukume kutoka Nzega mpaka Igunga.

Mgebuka Mkavu
Mimi nitasukuma. Ila kitenge aache nyumbani.