Ushauri: Nampikia Mcuba muhogo wa kwao, nisimulie asili gani?

Bi_Mtendeni
Assalaam alaykum wanajukwaa. Daktari wa Cuba tuliyekuwa naye wodini anamaliza mkataba, nasi tunamuandalia chakula cha mchana cha kumuaga hapa Unguja. Kuku na samaki wana wapishi wao. Mimi nimepewa *yuca con mojo*, muhogo wa kuchemsha unaomwagiwa mchuzi wa thomu na danzi, ambao kwao huliwa pembeni ya nyama. Nimeombwa pia niseme machache kuhusu asili yake. Mwenzangu mmoja anashikilia kuwa muhogo ulifikishwa Cuba na watumwa kutoka Afrika, mwengine anasema ni chakula cha Wahispania. Sitaki kumpotoshea mgeni historia ya kwao mbele ya watu. Halafu naona mapishi mengi yana mafuta ya nguruwe. Nikiyaacha, chakula kitaharibika? Nishaurini.

Mkulima_Muheza
Wa alaykum salaam dada. Huyo wa kwanza ameigeuza safari. Muhogo asili yake ni Amerika ya Kusini. Wareno ndio walioutoa Brazil wakauleta Afrika karne ya 16. Columbus alipofika Cuba Oktoba 1492, Wataino, wenyeji wa kisiwa, walikuwa wakiulima. Muhogo mchungu waliujua vizuri: waliukuna, wakaukamua sumu kwenye kifuko kirefu cha kusukwa, kisha unga wake wakauoka juu ya kikaango kipana cha udongo. Mkate huo ni *casabe*, na mpaka leo mashariki ya Cuba unaokwa.

Karani_wa_Kale
Naongezea hapo. Casabe hukaa miezi bila kuoza, kwa hiyo Wahispania waliutegemea melini. Hernán Cortés, Mhispania aliyeiteka Mexico, alipoondoka Cuba mwaka 1519 kwenda huko, alibeba casabe. Wataino waliouoka, wengi wao walimalizwa na vita, kazi za shuruti na maradhi, na hilo ningependa ulitaje dada, hata kwa sentensi moja. Desemba 2024 UNESCO iliuingiza mkate huo kwenye orodha ya urithi wa binadamu, kwa ombi la Cuba na nchi nyengine nne.

Mwenzako wa pili ana haki kwenye mchuzi. Mojo ni wa watu wa visiwa vya Canary, vilivyo chini ya Hispania, waliohamia Cuba kwa wingi. Thomu ilitoka Hispania, na danzi pia, ambalo huko Hispania lilifikishwa na Waarabu.

Mwana_wa_Pwani
Waafrika msiwaruke jamani. Zaidi ya watu laki saba walipelekwa Cuba utumwani, na utumwa haukufutwa mpaka 1886. Hawakuupeleka muhogo, sawa, lakini nani alikuwa akichemsha na kutwanga kwenye majiko ya mashamba ya miwa? Ukitaja Wataino na Wahispania ukanyamaza hapo, umeacha mikono iliyopika.

Bi_Mtendeni
Ahsanteni sana, nitawataja wote. Na hayo mafuta?

Jiko_la_Bimkubwa
Mwanangu, mafuta ya nguruwe acha. Wacuba wengi siku hizi hutumia mafuta ya kawaida, na ya zaituni yanafaa zaidi. Chemsha muhogo kwa chumvi. Ukianza kulainika, umwagie maji baridi kisha urudishe motoni. Wenyewe husema wanaushtua, nao hupasuka vizuri. Toa ule uzi wa kati. Twanga thomu nyingi na chumvi, tia maji ya danzi. Vitunguu maji vikatwe duara, vipitie mafutani kidogo tu. Mafuta yakiwa moto kweli yamwagie kwenye ile thomu, uisikie inalia, ndipo umwagie muhogo. Ukikosa danzi, changanya chungwa na ndimu.

Karani_wa_Kale
Jambo jengine la kumuuliza mgeni: chakula hiki ni cha mkesha wa Krismasi, pamoja na nguruwe wa kuchoma na wali wa maharage. Serikali iliifuta sikukuu hiyo mwaka 1969 watu wakavune miwa, ikairudisha 1997 Papa Yohane Paulo II alipokaribia kuzuru. Kama umri wake unaruhusu, atakuwa na mengi ya kusimulia kuhusu miaka hiyo nyumbani kwao.

Jiko_la_Bimkubwa
Basi muhogo usiupakue mpaka amalize kusimulia, ukipoa unakuwa mgumu.