Binti amepangiwa mkondo wa amali: je, njia ya chuo kikuu imefungwa?

Mzazi, Iringa
Wanajukwaa, habari zenu. Binti yangu amepangiwa kidato cha kwanza katika shule ya serikali yenye mkondo wa amali, yaani wa mafunzo ya ufundi na kazi, ule ulioanza Januari 2024 kwa mtaala mpya, na fani anayoitaka ni umeme wa majumbani. Baba yake anasema huko hupelekwa waliofeli. Je, akimaliza ataweza kuendelea na masomo, na nitajuaje kama shule yenyewe inafundisha kazi kweli?

Mwalimu wa ufundi
Dada, hofu ya shemeji naielewa, ila historia haimuungi mkono. Shule kongwe za ufundi, kama vile Ifunda, Moshi, Tanga, Iyunga na Bwiru Wavulana, zilipokea vijana waliofaulu vizuri, na wengine waliendelea hadi Chuo cha Ufundi Dar es Salaam, ambacho sasa ni Taasisi ya Teknolojia, DIT. Hata katika amali binti atasoma masomo ya jumla sambamba na fani yake. Asiiache Hisabati wala Fizikia, kwa kuwa ndizo zitakazotazamwa akiomba stashahada ya uhandisi, na kutoka stashahada shahada haiko mbali.

Fundi umeme, Mbeya
Nendeni karakana, msiridhike na rangi ya jengo. Tazameni zile mbao ambazo wanafunzi hufungia swichi, soketi na taa: ubao uliojaa matundu ya skrubu umefanyiwa kazi, na ubao unaong'aa ni wa kuonyesha wageni. Mwombeni mwanafunzi wa kidato cha tatu afunge taa moja inayowashwa kwa swichi mbili, chini na juu ya ngazi, kisha muulizeni waya wa ardhi una kazi gani. Mimi nilijifunzia mtaani, nikachelewa sana kupata leseni ya ufundi umeme ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, kwa sababu sikuwa na cheti. Nilipata kazi nyingi ambazo malipo yake yalichukuliwa na mwenye leseni.

Mzazi, Iringa
Asanteni. Na uhaba wa vifaa je?

Mwalimu wa ufundi
Upo, siwezi kuukana. Waya hukatwa na kukatwa tena hadi unabaki vipande, na koleo moja huzunguka mikononi mwa kundi zima. Ulizeni wanafunzi hupelekwa wapi kwa mafunzo kazini, na nani huwakagua wakiwa huko. Mkuu wa shule asiyeweza kutaja hata mwajiri mmoja amewajibu tayari.